Mgiriki kwenye Mzani wa Chai

Juzi huko Suma, karani wa kupima chai aliyakataa majani ya mama mmoja kwa kuwa yalikuwa yamenyauka. Gari la kiwanda ndilo lililochelewa.

"Mama, kubali tu," alisema, simu mkononi. "Kuna mwanafalsafa wa Kigiriki anatrendi huku. Anasema lililo nje ya uwezo wako usilisononekee."

Mama hakuinua kikapu. "Alikuwa nani huyo?"

"Mtumwa."

"Basi alikuwa anajifariji mwenyewe, mwanangu. Wewe mwenye mzani unamfariji nani?"

Karani akakuna shingo, akapima.

"Ndaga," mama akashukuru.

Mimi nina degree ya falsafa na sina kazi. Kila ofisi huniambia nivumilie, nami hujibu, "Thank you, sir." Shenzi kabisa! Mzani kashika nani?