Chupa Iliyomngoja Baba

Mlio wa kizibo kikiruka hunirudisha Qurus, kijiji nilikokulia. Juzi nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara hapa Karatu mjini. Mshereheshaji akawapanga watoto mstari, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, akawafungulia shampeni yao, ile ya zabibu isiyo na kilevi: chupa ya kijani, shingo imevikwa karatasi ya dhahabu, lebo ina maringo kuliko bwana harusi. Watoto wakagonganisha vikombe, wakaanza kuyumba kama walevi waliobobea. Mimi ninayenunua vitunguu mashambani kule Baray, ninayehesabu kila gunia mara mbili mwenye mali akiniangalia, nilishindwa kuhesabu hata watoto wale.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameolewa kwingine. Baba alikuwa dereva wa watalii, leo kreta ya Ngorongoro, kesho Serengeti, nami nikalelewa na Bibi, mama yake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na watu wawili; nilirudia hesabu hiyo mara nyingi nikitumaini nimekosea.

Wiki ya komunyo yangu ya kwanza, dereva mwenzake Baba alisimamisha gari barabarani, akamkabidhi Bibi chupa kama hiyo. Wakasemezana kidogo, mimi nikiwa mbali nachunga mbuzi. Bibi aliporudi akaniambia kwamba Baba angekuja Jumapili.

Jumapili ikafika na gauni jeupe na jogoo mzima sufuriani. Baba hakufika. Wageni wake walikuwa wameongeza siku, na mtalii akiongeza siku, dereva haulizwi. Nikanyoosha mkono kuichukua chupa. Bibi akaniwahi, akaipandisha juu ya kabati.

“Kinywaji cha namna hii hakifunguliwi na mtoto,” alisema. “Mwenye nyumba ndiye hufungua, akamwaga kidogo mlangoni kwa ajili ya waliotangulia, ndipo wengine wanywe. Tumngoje baba yako.”

Ndivyo pombe ilivyonywewa kwetu, iwe ya mtama au ya asali.

Shida ni kwamba nilikuwa najua kusoma. Bibi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nilipanda kigoda nikasoma lebo: kinywaji cha watoto, hakina kilevi. Nikasoma tena, maana mara ya kwanza huwa siiamini. Neno langu moja tu, na chupa ingeshuka, ikanywewa jioni hiyo hiyo na viazi. Sikulisema. Juisi haihitaji baba. Pombe inamhitaji.

Basi tukangoja. Siku za mnada nilisimama kando ya lami nikihesabu magari ya watalii, yanayopanda Ngorongoro na yanayoshuka. Hesabu zilikaribiana, ila lake sikuliona. Krismasi ikapita. Kila Jumamosi Bibi aliifuta chupa vumbi. Watoto wa jirani wakanitania kwamba shampeni yetu itaota mizizi.

Baba alikuja wakati wa kuvuna mahindi, mchana, gari likiunguruma nje bila kuzimwa. Aliniletea viatu vya mguu wangu wa mwaka uliopita. Akaiona chupa, akacheka.

“Mama, mmeiweka mpaka leo? Si juisi ya watoto hii? Yule bwana nilimtuma akwambie.”

“Uzee huo, mwanangu,” Bibi akasema, akitafuta glasi. “Nilisahau.”

Kizibo kikalia, kuku wakatawanyika. Bibi akamwomba amwage kidogo mlangoni hata hivyo, akamwaga. Alikaa mpaka glasi yake ilipokwisha, na alikuwa mtu wa kunywa haraka. Vumbi la gari lilipotulia, nilitazama juu ya kabati. Hapakuwa na kitu tena, na sisi hatukuwa na sababu ya kumwita.

Nilijiona mjanja miaka mingi, kwamba nilimzidi akili bibi kizee. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikamhesabu upya Bibi, mtu aliyejua kila ndama alizaliwa mvua ipi, na nani alikosa mazishi ya nani. Bibi hakuwahi kusahau kitu. Alijua tangu pale barabarani. Tulikaa miezi yote ile tukifichana jambo moja, mimi chumba hiki, yeye chumba kile, kila mmoja akidhani yuko peke yake katika kumngoja.