Nilikuwa Nameza

Siku niliyoambiwa kwamba virusi vyangu vimepanda, nilibishana na mshauri nasaha wa kliniki mpaka watu waliokaa nje wakaacha mazungumzo yao ili wasikie vizuri. Mimi ni mtu wa mdomo, sijawahi kukana. Lakini siku ile nilikuwa na haki yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza kushika baada ya kungoja sana, na mama yule mtu mzima, ninayemwamkia shikamoo kwa moyo wote, alinitazama machoni akasema, "Mwanangu, dawa humezi."

Nilikuwa nameza. Mimi na mume wangu sote tunatumia dawa za kufubaza virusi tangu kabla hatujaoana; kwa kweli tulijuana tukisubiri kuitwa hapo hapo kliniki. Nyumbani kwetu Ipuli simu yake hulia saa mbili usiku, naye huleta vikombe viwili vya maji, tukameza pamoja. Miaka yote vipimo vyangu vilikuwa vizuri. Sasa nina mtoto tumboni, eti ndiyo niache?

Mshauri alinieleza kwa upole, na upole ule ukaniudhi zaidi. Mama mjamzito akiwa na virusi vingi, anaweza kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni, na hatari huzidi wakati wa kujifungua. Virusi vikipanda, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ama dawa haifiki mwilini, au inafika lakini virusi vimejenga usugu na havitishiki nayo tena. Ilibidi wajue ni lipi, na muda haukuwa upande wetu. Tungeanza na ufuasi, yaani kama dawa nazifuata inavyotakiwa.

Basi nikachunguzwa. Vidonge vilivyobaki vikamwagwa mezani vikahesabiwa, vikatimia. Mume wangu akaitwa kunishuhudia. Ni fundi cherehani, na nadhani ndiye fundi pekee Tabora nzima anayekupa nguo siku aliyokuahidi, kwa hiyo alivyosema "anameza, namwona" nilitegemea yaishe. Hayakuisha. Je, natapika? Nakunywa pombe? Natumia dawa za kienyeji? Kuna ndugu ninayemficha hali yangu? Nilijibu hapana mpaka nikachoka. Kipimo cha pili kiliporudi, virusi vilikuwa vimeongezeka.

"Mimi nakuamini," mume wangu aliniambia njiani.

"Kuniamini kwako kunamsaidia nini mtoto?"

Akaendelea kutembea, mkono wake mgongoni kwangu, nami nikatamani ningeumeza ulimi wangu.

Damu yangu ikapelekwa Mwanza kupimwa usugu. Tukangoja. Tumbo likazidi kukua, na mimi nikakataa kununua hata soksi moja ya mtoto. Mume wangu alikuwa akishona vigauni kimya kimya kwa mabaki ya vitenge vya wateja, akivificha chini ya meza ya cherehani akidhani sivioni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuomba wakute usugu. Usugu ungenisafisha. Wangenibadilishia dawa, na yule mama angejua kwamba sikumdanganya.

Majibu yakaja. Hakuna usugu.

"Ni habari njema," mshauri alisema. "Dawa yako bado ina nguvu juu ya virusi hivi."

Nilielewa maana yake. Kama dawa ina nguvu, basi haifiki, na kama haifiki, mimi ni mwongo. Hata kukasirika kulinishinda. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa kipande cha udongo, nikakaa nakitafuna mbele yake huku machozi yananitoka.

Ule udongo alikuwa akiniletea mama yangu mzazi kwa treni kutoka Igalula. Huuchimba kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akaukausha juani na kuutia moshi kidogo juu ya mafiga. Una harufu ya mvua ya kwanza. Kwetu karibu kila mwenye mimba anaula, na hakuna anayeuita chakula wala dawa, ndiyo maana hakuna anayeutaja akiulizwa anakula nini.

Mshauri aliacha kuandika. "Huo unakula saa ngapi?"

"Saa yoyote. Hasa nikimeza dawa. Usiku chakula hakinikai, kwa hiyo nameza tumbo likiwa tupu, pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu mlivyonipa, nimalizane navyo vyote. Kisha natafuna udongo ili kichefuchefu kitulie."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mayu wee, mama yangu!"

Akanieleza. Vidonge vya damu vina madini ya chuma, na udongo nao una madini yake. Vikikutana na dawa tumboni vinaing'ang'ania, na sehemu kubwa inapita tu na kutoka bila kuingia kwenye damu. "Unameza kweli, mwanangu. Nisamehe. Nimekuuliza mambo yote ya duniani, nikaacha udongo, na mimi mwenyewe watoto wangu wote nimewabeba nikiutafuna."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na udongo mdomoni. Sikuwa mwongo.

Tangu siku hiyo vidonge vya damu vikawa vya asubuhi, na dawa ikawa ya usiku baada ya uji wa ulezi, hata kama uji wenyewe nauona adui. Udongo nikauacha, na nitasema ukweli, niliuota. Mama yangu aliponipigia simu alinung'unika kwamba hospitali wanakataza kila kitamu. Kipimo kilichofuata virusi vilikuwa vimeshuka sana. Kilichofanyika karibu na kujifungua, mashine haikuviona kabisa.

Tukapata binti. Akapewa dawa yake ya matone, akatobolewa kisigino, damu ikapelekwa kupimwa. Niliambiwa nimnyonyeshe, na nilimnyonyesha, lakini kila alipovuta ziwa mwili wangu ulikakamaa. Nilihisi namlisha kitu nisichokijua. Sikumwambia mtu yeyote, hata baba yake.

Siku ya majibu tuliingia wote watatu. Mshauri alifunga mlango, akasema, "Mtoto hana."

"Hana nini?" mume wangu akauliza. Alijua. Alitaka tu neno lisemwe lote.

"Hana virusi, baba. Tutampima tena mbele ya safari, lakini mama endelea hivi hivi."

Binti akaamka kwa njaa. Nikafungua kifua, nikampa ziwa pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimnyonyesha bila kuogopa.