Hoteli Mbili za Tajiri Mmoja

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea ukingoni, masharti ya wakoloni ya pasi za kusafiri yakiwa yameanza kulegezwa, nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Nilipanga chumba Ruiru na kuzungukia washonaji mpaka Thika, ambako kazi ikinichelewesha nililala hotelini. Tajiri mwenye hoteli ile alikuwa na nyingine Ruiru. Alitaka zifanane, kwa hiyo zote mbili zilipakwa buluu, zikawekwa kibao chenye jina lile lile, na viti vyake vikatengenezwa na seremala mmoja. Mengine hayakufanana.

Ya Thika iliendeshwa na mama mjane aliyefua mashuka mpaka yakanukia jua. Ukifika na vumbi lako, unaletewa karai la maji moto kabla hujaomba, kisha chai ya maziwa, kisha unaulizwa habari za watoto. Ya Ruiru alikabidhiwa binamu wa tajiri, mpishi wa zamani wa jeshi, aliyevaa kabuti hata jua likiwaka, na ambaye wageni kwake walikuwa makuruta. Siku moja nilimwambia chai yangu imepoa. Akaitia kidole, akafikiri, akasema, "Ilikuwa moto ulipokuwa unaongea."

Sasa baba mkwe wangu, mzee wa kanisa kutoka pande za Maragua, akaitwa mkutanoni Ruiru. Kwetu mkwe anaheshimiwa sana. Huli ovyo mbele yake, humfanyii mzaha, na yeye hawezi kulala katika chumba kimoja na binti yake na mumewe. Mke wangu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hoteli za tajiri yule ni safi kama hospitali. Alikuwa ameisikia ya Thika tu.

Nilimpokea mzee stesheni akiwa na koti jeusi na Biblia kwapani. Tulipofika hotelini, mpishi hakuinuka.

"Chumba kipo," alisema. "Godoro halipo."

"Liko wapi?" nikauliza.

"Linatumika."

Alituonyesha uani. Magodoro yote ya hoteli yalikuwa yametandazwa juani, na juu yake maharagwe yanakauka. "Nikiyaanika chini yanaingia mchanga," alieleza, "halafu nyinyi ndio wa kwanza kulalamikia githeri."

Mara mawingu yakakusanyika na matone yakaanza. Mpishi akamgeukia mkwe wangu. "Mzee, shika upande ule. Usitingishe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwamuru mzee yule, hata mchungaji. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yeye aliiweka Biblia dirishani, akavua koti, akashika godoro. Waliingiza moja, wakarudi kuchukua jingine. Nilipojaribu kusaidia, nikajikwaa kizingitini.

"Fundi," mkwe wangu akasema, "unamwaga."

Mvua ikanyesha jioni nzima. Niliwaacha wawili hao wameketi wakichambua maharagwe na kubishana. Mzee alisema mbegu zimechanganywa, mpishi akasema mzee haoni vizuri. Sikuwahi kusikia mtu akimbishia mkwe wangu, na sikuwahi kumwona ametulia vile.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta mezani, anakula githeri iliyobaki, mahindi na maharagwe ya jana.

"Umelalaje, baba?"

"Kitandani kulikuwa na maharagwe," alisema. "Nimeyarudisha guniani."

Mkutano uliofuata ulikuwa Thika, nami nikaona hapo ndipo pa kujisafishia jina. Mama mjane alimletea maji ya moto, akamwongezea mto, akamuuliza kama chai imekolea, kisha akarudi kuuliza tena. Mwishowe mkwe wangu akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyu mama ameambiwa mimi ni mgonjwa?"

Tangu hapo alilala Ruiru tu, hata mkutano ukiwa Thika, akawa anawasifia wazee wenzake hoteli ile. Wakaja na wake zao. Mmoja akapewa kuku amnyonyoe. Mwingine alilalamika kwamba dirisha halifungi, akaambiwa alale ameligeuzia mgongo. Lawama zote zilinifikia mimi, mkwe wa aliyewaelekeza, nikazipeleka kwa tajiri.

Tajiri alimwamuru binamu yake aige Thika. Binamu akajitahidi. Alisimama mlangoni na kumuuliza kila mgeni, "Watoto wazima?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bunduki imepotelea wapi. Wageni waliitikia upesi na kuingia ndani.

Mkwe wangu alipoyaona hayo alisikitika. "Wamemharibu," aliniambia. Akaingia jikoni, akafunga mlango, akazungumza naye kitambo. Sijui walisemezana nini. Kesho yake nililetewa chai baridi bila salamu, na mzee alikuwa uani, mikono ya shati ameikunja, anaelekeza godoro liwekwe upande gani wa jua.

Majirani walimuuliza mke wangu mbona baba yake yuko Ruiru kila mara na kwa binti yake hapiti.

"Anamtembelea rafiki yake," aliwajibu.