Namba ya Doto

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta hakunionyesha hata kiti. "Binti," alisema, "mashine hii haikatai namba ndefu. Inaipokea, inaikata mkia, halafu inakaa kimya." Tangu hapo nikaziogopa namba ndefu kuliko nilivyowaogopa wakubwa.

Nyinyi mnaoanza leo, zipo lugha za programu ambamo namba nzima hurefuka kadiri utakavyo. Zipo nyingine zinazoweka kila namba kama desimali: tarakimu kumi na tano za mwanzo ziko salama, zinazofuata zinakadiriwa. Kwa kupima kina cha ziwa inatosha. Kwa kumtambua mtu ni hatari.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja hapa Mwanza, kutunza mfumo ulionunuliwa tayari. Namba ya mgonjwa ilibeba wilaya, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, na mwishoni zamu yake ya kuandikishwa, ikapita tarakimu kumi na tano. Nilimwomba Meneja wa Mifumo tuihifadhi kama maandishi, maana hakuna anayejumlisha wagonjwa.

"Namba ni namba, mama," alinijibu. " Mbona wagonjwa wanaotoka Kamanga na Usagara wanasomeka vizuri?"

Asubuhi moja muuguzi wa wodi ya wazazi akapiga simu.

"Shikamoo mama. Kuna mzazi wa Magu anaitwa Doto, anatoka damu nyingi. Naandika namba yake, linakuja jina la Kulwa."

Hata marahaba sikuitikia. Usukumani Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili: kijiji kimoja, siku moja, namba zinapishana tarakimu ya mwisho tu. Mashine ilikuwa imeikadiria, na ndugu wawili wakawa mtu mmoja.

"Damu msimwekee. Mpimeni kundi upya."

"Daktari ameshaliona kwenye skrini."

"Hilo ni la Kulwa."

Meneja, aliyesimama mlangoni, akasema kwani mapacha si damu yao ni moja. Kwenye simu nilisikia watu wanakimbia wodini. Muuguzi akarudi: makundi ni tofauti. Damu waliyokuwa wameandaa ingeweza kumuua.

Doto alipona, na mchana huohuo Meneja mwenyewe aliagiza namba zote ziwe maandishi. Sasa nimestaafu. Vijana wa kitengo wakija kunisalimu hunisifia siku ile, nami nashindwa kufurahi. Mfumo ule ulikuwa umetumika muda mrefu kabla yake. Baada ya siku ile tulikaa tukawapigia simu akina Doto wote waliowahi kutibiwa pale. Wengine hawakupokea, na mpaka leo sijui ni kwa nini.