Sikio na Kompyuta Iliyokuwa Ikigonga

Mume wangu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Sikio. Yeye kitu hakiangalii, anakisikiliza. Hata mimi nikikohoa anainamisha kichwa; nasubiri tu siku atakayonijia na bisibisi. Kwake yeye chochote chenye waya ni redio, na redio ikiacha kukwaruza imepona. Elimu yake yote ndiyo hiyo, na anavyojivuna nayo, utadhani kaivumbua yeye!

Sasa kompyuta yetu kuukuu ya mezani ikaanza kugonga: ko, ko, ko, inanyamaza, ko. Humo ndani ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama yake, anacheka na kumwita "kadogo kangu". Aliihamisha mwenyewe kutoka kwenye kanda, kisha kanda akaitupa. Eti inakwaruza.

Binti yetu alimsihi. "Baba, hiyo ni diski inakata roho. Usiiguse, tunakili kwanza sauti ya bibi."

"Wewe masikio umeyapata juzi," Sikio akamjibu.

Akafungua kasha. Akazuia feni kwa kidole, mlio ukaendelea. "Si feni." Akalizaba kasha kofi, mlio ukaendelea. Akaingiza kichwa mpaka nikadhani anahamia humo. Mwishowe akaichomoa diski. "Mchawi wetu huyu hapa!" Akaifungua kifuniko, akaidondoshea mafuta ya cherehani yangu. Ya cherehani, jamani!

Akairudisha, akawasha. Kimya kabisa.

"Mnasikia?" akauliza, kifua mbele. Nikampigia makofi, maana yule asiposifiwa hali.

Binti akatazama kioo. Kilikuwa cheusi, na mstari mmoja tu wa maandishi: diski haionekani. "Baba, sauti ya bibi imekwenda."

Akazima, akawasha, akazima tena. Akalaza sikio juu ya kasha na kutulia hapo. Mimi mdomo ulikuwa umeshaniwasha. "Haya, Sikio, si ulitaka kimya?"

Baadaye akasema, taratibu, bila kuinua kichwa: "Mama watoto, ile kanda ilikuwa inakwaruza tu. Mama alikuwa anasikika vizuri. Uliiweka wapi?"

Nilimwonea huruma mpaka hasira ikaniisha.

"Uliitupa wewe, baba watoto," nikamwambia. "Ulisema ina kelele."