Hewa ya Saa Saba Mchana

Baba yangu alikuwa anasubiriwa Dar afanyiwe upasuaji wa moyo, na safari ya basi daktari alishaikataza. Mheshimiwa mmoja, aliyekuja Tabora kwenye harambee, akatangaza kwamba atampa lifti kwenye ndege aliyoikodi. Makofi! Pasingekuwa na kipaza sauti, sijui kama angemwona.

Rubani alituambia mapema: tuondoke saa moja asubuhi. Jua la Oktoba Tabora si la mchezo. Tuko juu kuliko pwani, hewa yenyewe nyepesi; ikipata joto inazidi kuwa nyepesi, na ndege haiinuki mpaka ikimbie kasi zaidi chini. Injini nayo inapungua nguvu, njia ya kurukia hairefuki, na matairi yana kikomo cha kasi. Mtoto angeelewa. Wakubwa wetu je? Thubutu! Walipanga chai, halafu hotuba, halafu mtu wa kushukuru kwa hotuba, halafu mtu wa kumshukuru aliyeshukuru. Saa saba mchana ndiyo tunafika uwanjani, na madumu ya asali na magunia ya mchele, zawadi za wazee.

Rubani akapima joto, akapiga hesabu. "Uzito upungue, la sivyo tusubiri jua lipoe."

Kusubiri? Mheshimiwa ana kikao. Kushusha asali? Wapambe wakaja juu: zawadi ya wazee wa Unyamwezi haiachwi uwanjani, ni matusi! Upuuzi mtupu. Na aliyeumaliza ubishi ni baba mwenyewe, mtu wa adabu hadi inakera.

"Tushusheni mimi na mwanangu. Mgeni asirudi mikono mitupu."

"Baba, acha hizo, kaa hapo hapo!"

Akanikata jicho, akashuka. Mheshimiwa akampa shikamoo kwa sauti, wapambe wasikie, akapanda. Ndege ikaimaliza njia karibu yote ndipo ikanyanyuka.

Kwenye gari, tukirudi nyumbani Ntalikwa, mimi nimefura kwa hasira, baba ananiuliza kama nilimuaga mheshimiwa vizuri. Asubuhi hakuamka.

Keshokutwa yake, jua halijapanda, rubani akanipigia simu kutoka uwanjani. Alikuwa amemwomba mwenye ndege, akarudi na viti vitupu.

"Mleteni mzee haraka, hewa bado baridi."

Niliipokea simu hiyo nikiwa ndani ya kaburi, jembe mkononi.