Maneno ya Kuchora kwenye Glasi ya Bosi

Mdogo wangu anachora maandishi kwenye vitu: vikombe vya washindi, vibao vya milangoni, kalamu za wanaohitimu, na glasi. Mimi nashona mapazia. Tunagawana chumba kimoja cha duka kinachotazama barabara, yeye upande wa dirisha kwa sababu anahitaji mwanga, mimi upande wa ukutani kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa, na dada mkubwa huachiwa kilichobaki. Katikati tumetundika pazia la maua ambalo mteja alilikataa. Namuunga mkono. Ni baya.

Kazi ya glasi ukiitazama utadhani mchezo. Anaandika maneno kwenye karatasi nyembamba, anaibandika kwa selotepu ndani ya glasi, maandishi yakitazama nje, halafu anayafuatisha kwa nje kwa kimashine chenye ncha kali. Maji yanadondoka muda wote ili unga wa kioo usimrukie puani. Chini kuna beseni, na ikifika jioni maji yake yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Akimaliza hufuta gundi ya selotepu, akajaza glasi chai isiyo na maziwa, akaiinua dirishani na kuisoma, maana herufi zinazoonekana vizuri glasi ikiwa tupu zinaweza kupotea ikijazwa. Chai na wiski kwa rangi ni mapacha. Chai hiyo hainywewi na mtu, kwa ajili ya ule unga. Anaimwaga.

Zamani hakuwa anajaribia chai, na hakuwa akimwaga. Sitaki kueleza sana. Itoshe niseme kwamba mashati yake nimeyafua mimi, kilichokuwa kifuani mwa mashati hayo nimekikwangua mimi, na mpaka leo nikipita nje ya baa mate yananijaa mdomoni, si ya hamu. Mkewe alivumilia, akavumilia, kisha akamchukua binti yao akaenda kwa mama yake. Hapo ndipo mdogo wangu alipoacha. Hakuapa wala hakutangaza. Alinunua chupa ya chai.

Wiki ninayoisimulia, wifi yangu huyo alipiga simu. Simu ilikuwa mezani, sauti wazi, mikono ya mdogo wangu ikiwa imelowa.

"Nakuja Jumamosi na mtoto," akasema. "Nitaanzia hapo dukani. Nyumbani najua utapapigia deki. Nikinusa kitu chochote begi silishushi, na usinipigie tena maisha yako yote. Umenisikia?"

"Njoo," akasema mdogo wangu.

Sasa basi, Alhamisi ya wiki hiyohiyo si akaingia Bonge! Bonge ni mtunza stoo wa kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyekuwa akikaa meza moja na mdogo wangu enzi zile. Ana jasho la kudumu na kijiti cha meno ambacho nadhani analala nacho. Alikuja na mhasibu wao, mtu wa masharubu, anayecheka kabla hajaambiwa kitu. Bosi wao anastaafu, wamemnunulia glasi nzito ya wiski, wanataka ichorwe maneno ya kuchekesha.

"Maneno ninayo," akasema Bonge. "Sikiliza, Fundi. 'Maji ni ya kuoga.'"

Mhasibu akacheka mpaka akashika meza.

"Au hii: 'Daktari aliruhusu moja kwa siku, mimi nimefika za mwaka ujao.'"

"Za mwaka ujao!" Mhasibu akajipiga paja. "Dada Mapazia, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. "Na daktari amezikwa lini?"

"Huyu dada yako bado ana ulimi vilevile," Bonge akamwambia mdogo wangu. "Lakini hizi watu washazisikia. Wewe ndiye ulikuwa unatutungia, bwana. Ukishika ya tatu, meza nzima inalia kwa kicheko. Tutungie."

Mdogo wangu alikuwa anafuta glasi kwa kitambaa. Hakuinua macho. Akasema polepole, "'Darasa la mtoto silijui, umri wa wiski naujua.'"

Wakalipuka. Kijiti kilimtoka Bonge kikaanguka kwenye kitambaa changu cha satini, akakiokota, akakirudisha mdomoni. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwepo. Siku ya kuchukua matokeo ya binti yake aliingia darasa lisilo lake, akakaa kwenye kadeski kadogo, akagombana na mwalimu wa watu kwamba mtoto wake amefichwa. Binti alikuwa dirishani na wenzake, anatazama. Hiyo ndiyo waliyokuwa wanaifia mbavu.

"Nyingine! Nyingine!"

"'Nyumbani sijasahau, ni mtaro ulionikaribisha kwanza.'"

"Wee! Mtaro umemkaribisha!" Mhasibu alikuwa anafuta machozi kwa tai.

Na mtaro ule naujua. Nilimtoa mimi na muuza mkaa, mmoja miguu, mmoja kichwa.

Nikampigia mdogo wangu jicho la kumwambia anyamaze, asiwagawie watu hawa maisha yake wayatafune kama karanga. Hakunitazama. Aliiweka glasi mezani, akaigeuza taratibu, akasema la mwisho, kama glasi yenyewe ndiyo inayoongea.

"'Nishike vizuri, tumebaki wawili.'"

Mhasibu akashusha tai yake. Nikadhani, alhamdulillahi, angalau hili limewaingia. Halafu Bonge akapiga meza kwa kiganja.

"Hiyo hiyo! Bosi atakufa kwa kucheka! Mke wake naye atakuwepo ukumbini, itakuwa tamu!"

Walipotoka nikafungua dirisha na mlango.

"Kwa nini umewapa?" nikamuuliza.

"Wametaka ya kuchekesha," akasema. Akaanza kukata karatasi.

Ijumaa mchana wakarudi kuchukua mzigo. Kazi ilikuwa safi, hilo siwezi kuficha. Herufi zimelala kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi. Mdogo wangu akachukua chupa yake ya chai ili awaonyeshe.

"Chai!" Bonge akaangua kicheko. "Unamjaribia bosi kwa chai? Toa hapa." Akatoa chupa ya wiski ndani ya koti, akajaza glasi mpaka karibu na ukingo.

Chumba chetu ni kidogo. Harufu ile haikuingia, ilihamia. Ilikaa kwenye mapazia, ikakaa kwenye nywele zangu, na mate yale yakanijaa mdomoni. Mdogo wangu ilimbidi ainue glasi dirishani, karibu na jicho, maana yake karibu na pua. Kidole gumba kilichoibana glasi kilikuwa cheupe.

"Herufi zimesimama," akasema, akaiweka chini.

"Onja basi kazi yako."

"Ina unga wa kioo. Ya kwanza hainywewi."

"Ya kwanza hainywewi, ya pili je?" Bonge akamimina kwenye kifuniko cha chupa, akazunguka meza, akamshika mdogo wangu kisogo kama mama anayemnywesha mtoto dawa. "Tone tu, la undugu. Fungua mdomo, mwanangu. Aaa."

Na mwenyewe akafungua mdomo wake, aaa, nikaviona vyote vilivyokuwa ndani. Mhasibu anacheka tu. Mimi nikasimama na mkasi mkononi, na ule mkasi wangu ni wa kukata kitambaa kizito.

Mdogo wangu akafumba midomo na kugeuza uso. Wiski ikamwagika kidevuni, ikateremka shingoni, ikalowesha kola.

"Chukueni glasi yenu," akasema.

"Umekuwa mtu wa ajabu," Bonge akasema, amenuna kabisa, kama yeye ndiye aliyelowa. Alimwaga ile ya kwenye glasi ndani ya beseni, akafunga mzigo. Chupa akaiacha mezani, ina zaidi ya nusu. "Zawadi ya fundi. Utatushukuru baadaye."

Nikaikamata shingoni niimwage mtaroni.

"Dada, iache," akasema mdogo wangu.

"Niiache? Kesho ni Jumamosi! Una akili wewe? Unanuka kama sakafu ya baa!"

"Ukiimwaga wewe, nitakuwa nimeachishwa na dada yangu. Iache."

Akainama, akachukua faneli, akachota ule uji mweupe wa beseni, akamimina ndani ya chupa mpaka ikajaa na kuchafuka kama maji ya kufulia soksi. Kisha akawasha kimashine, akachora juu ya kioo cha chupa kwa herufi kubwa: YA KUTOLEA GUNDI. INA KIOO. HAINYWEWI. Shati akalivua, akalifua mwenyewe, mara ya kwanza kumwona akifua mwenyewe. Usiku kucha dirisha lilibaki wazi, na harufu, mshenzi, ikabaki nayo.

Wifi alifika asubuhi, begi mkono mmoja, binti mkono mwingine. Alisimama mlangoni. Nikaona pua yake ikifanya kazi. Begi halikushuka.

"Kuna wiski humu," akasema.

"Ipo," mdogo wangu akasema. "Hiyo hapo."

Alikuwa ameiweka katikati ya meza, waziwazi. Wifi akaisogelea, akaisoma yote, akaitikisa, akatazama ule unga ukizunguka. Hakumuuliza mumewe chochote. Akanigeukia mimi.

"Wifi, kanywa?"

"Hajanywa. Walimmiminia mpaka kwenye kola, hajanywa."

"Nakuuliza wewe kwa sababu huna huruma naye."

"Sina hata chembe," nikasema.

Akamwendea mumewe, akamshika kidevu, akasema, "Pumua." Mtu mzima akapumua, binti yake akimtazama. Wifi alinusa kama anavyonusa maziwa aliyoyatilia shaka. Akarudia.

"Chai," akasema.

"Mwambie na meno apige mswaki," nikasema.

Binti akacheka, na wifi akashusha begi. Alilishusha juu ya pazia langu jeupe la harusi ya watu, na vumbi lote la safari, na mafuta ya basi, na sijui nini kingine kilichokuwa kimegandia chini yake. Nikakisugua kidoa chake kwa ile chupa ya kutolea gundi. Hata kidoa haikutoa.